Kila Chuma Kina Mwenyewe

Ukifungua boneti ya Peugeot 404, hukuti injini imesimama wima. Imelazwa upande kwa nyuzi 45, ili boneti iwe fupi na uzito ukae karibu na ardhi. Fundi kijana anayeiona mara ya kwanza hudhani vishikio vyake vimekatika. Mzee wa garaji hashangai. Atauliza tu kama maji yameingia kwenye oili, maana anajua ugonjwa wa injini ile hujificha wapi.

Silinda zake hazikutobolewa ndani ya bloku yenyewe. Ni slivu nne zilizosimamishwa ndani ya maji, na chini ya kila moja kuna muhuri mwembamba. Ukinyanyua silinda hedi bila kuzibana slivu hizo mahali pake, moja ikainuka kidogo tu, muhuri unaachia na maji yanashuka penye oili. Unafunga kila kitu, unaweka gasketi mpya, unawasha. Injini inaitika vizuri na watu uani wanapiga makofi. Siku ya pili unachomoa kijiti cha kupimia oili na kuikuta imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Hapo hakuna dawa. Unafungua yote tena.

Nimeanza na slivu kwa sababu nataka kuzungumza juu ya kupotewa, na gari hili ndiyo njia niliyo nayo.

Peugeot 404 ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Huku Afrika Mashariki gari hilo lilijipatia jina kwenye matope. Lilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, likashinda tena 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland wa Dar es Salaam. Sisi wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, hatukuwa na mashindano, tulikuwa na barabara. Pikapu za 404 zilifanya kazi kila siku kati ya ziwa na bonde la Ruzizi, zikiwa zimejaa magunia, kuku na watu, na hakuna aliyezipa kombe.

Baba mdogo wangu alikuwa na moja. Alfajiri alipakia ndagala Kalundu, akapita Kavimvira, Kiliba, Sange, Luberizi na Luvungi hadi Kamanyola, akarudi na mihogo na mchele wa bonde. Alikuwa shofere na fundi kwa pamoja, kwani kwenye barabara ile shofere asiyejua kutengeneza alilala porini. Namkumbuka akiegemeza kijiti cha mti juu ya mfuniko wa valvu, ncha ya pili sikioni, macho ameyafumba. Kwa kijiti hicho alikuambia ni valvu ya silinda ipi iliyolegea. Hakueleza alikuwa akisikia nini. Mimi nilikuwa mtoto, nikadhani kila mtu mzima anaweza.

Oktoba 1996 vita vilifika Uvira. Watu walishuka ziwani kutafuta mitumbwi, wengine wakafuata barabara ya Makobola kuelekea Baraka na Fizi. Baba mdogo hakuwa na petroli ya kutosha, na hata angekuwa nayo gari lingemfikisha wapi, wakati njia zote zilikuwa na watu wenye bunduki? Alifungua kifuniko cha distribyuta, akachomoa rota, akaitia kwenye mfuko wa shati. Rota ni kidude kidogo kinachozunguka ndani ya distribyuta na kuugawa umeme kwenye buji nne. Bila hicho unaweza kulisukuma gari hadi jua litue, halitawaka. Mashofere walijua hila hiyo. Mtu akitaka kukunyang'anya gari, basi alivute. Kisha akaondoka na mkewe na watoto, na ile rota ikavuka ziwa hadi Kigoma, Tanzania, ikaenda kuishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Meli iliyowarudisha ilikuwa Liemba. Mwaka 1997, baada ya Rais Mobutu kuondoka madarakani, shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi liliikodi, na kwa muda wa miezi mitano ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikarudisha watu zaidi ya 75,000. Wazee wa huku wanaikumbuka kwa safari hizo kuliko kwa jambo lingine lolote. Mimi siku hizi naikumbuka kwa sababu ya grisi.

Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli kuelekea Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipoona hawawezi tena kuishikilia Kigoma, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi waliopewa kazi ya kuizamisha waliipaka injini grisi nzito kwanza. Wabelgiji waliinyanyua, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza waliitoa mwaka 1924, wakakuta mashine zake bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina ililonalo sasa. Iliendelea kwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipotiwa injini za dizeli.

Nimewafikiria sana wale mafundi. Walikuwa wameshindwa na walijua wameshindwa. Hata hivyo walishika matambara na makopo ya grisi, wakapita bomba kwa bomba, kiungo kwa kiungo, wakikitunza kitu ambacho baada ya saa chache kingekuwa chini ya ziwa. Waliagana na meli yao kwa namna iliyoacha mlango wazi. Walikuwa jeshi la wakoloni na sina machozi kwa ajili ya dola yao, ila kazi ile ya mikono naiheshimu. Naona pia kwamba ilihitaji kitu kimoja ambacho watu wa Uvira hawakupewa mwaka 1996: muda. Mwanamke aliyeacha sufuria jikoni na moto ukiwaka hakupata muda wa kupaka chochote grisi. Baba mdogo alipata muda wa rota peke yake.

Aliporudi alilikuta gari uani, pale pale alipoliacha. Magurudumu hayakuwapo, wala betri, viti, kabureta na giaboksi. Injini ilibaki, imelala kwenye pembe yake, mashimo ya buji yakiwa wazi na mvua imeshaingia. Alisimama na rota mfukoni mbele ya gari lisilo na kitu cha kuzungusha. Shangazi anasema hakusema neno. Alitafuta mawe manne, akalinyanyua kwa jeki ya jirani, akalikalisha juu ya mawe, akaenda kulala. Agosti 1998 vita vya pili vilipoanza gari lilikuwa bado juu ya mawe. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja, wakarudi mikono mitupu. Rota ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya Nido juu ya kabati, pamoja na karte rose, hati ya gari, na kadi za kliniki za watoto.

Hakufa kwa risasi. Alikufa kwa presha, kitandani mwake, na kwa mtu wa umri wake katika mji wetu hiyo ni neema. Baada ya matanga shangazi alinipa lile kopo. Ndivyo nilivyoanza.

Uvira hakuna duka la piesi mpya za 404. Kilichopo ni magari yaliyokufa. Unapita kwa watu ukiuliza, mtu anakuelekeza kwa mtu, mpaka unafika kwenye ua ambamo nyasi zimeota katikati ya chesi, na mwenye ua anakuambia bei. Kabureta niliipata Bujumbura, ng'ambo ya maji. Magurudumu yametoka kwenye magari tofauti na hayafanani. Ekseli ya nyuma ina hadithi yake, nitaieleza. Giaboksi ilitoka Sange.

Aliyeniuzia hakuwa mwenye gari. Alikuwa amehamia kwenye kiwanja kile baada ya vita, akalikuta gari chini ya mwembe, likiwa la mtu aliyekimbia 1996 na ambaye hakurudi. Alifia njiani, au kambini, au yuko hai mahali fulani na amechoka kurudi. Mwuzaji hakujua, na sikumwona kuwa mtu wa kusema uongo. Nililipa, nikaipakia giaboksi kwenye baiskeli ya mizigo, nikafurahi njia nzima. Jioni nilipoufungua mfuniko ili niisafishe, nikaona upande wa ndani mtu amechora kwa msumari herufi mbili za jina na mwaka: 1981. Mafundi huweka alama hivyo wanapomaliza kazi kubwa, ili wakija kufungua tena wajue ni mkono wa nani. Yule mtu alitegemea kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeifungua.

Tangu jioni hiyo furaha yangu ilibadilika. Tunasema fulani amelifufua gari, tukimsifu, na kweli ni kazi ya sifa. Lakini huku kwetu gari halifufuki peke yake. Linafufuka kwa mwili wa jingine, na lile jingine halikuachwa kwa kuchakaa. Liliachwa kwa sababu mwenyewe alikimbia au aliuawa. Nilitaka kumrudishia marehemu baba mdogo gari lake, na kwa kila piesi niliyoipata nilikuwa nikiingia kwenye msiba wa nyumba nyingine bila kubisha hodi. Sisemi ni wizi. Chuma kikiachwa chini ya mwembe kinaliwa na kutu, na hakuna anayefaidi. Nasema kuna deni, na deni hilo halilipwi kwa zile dola alizopokea mwuzaji.

Ekseli nayo. Difu ya 404 haifanani na za magari mengi: ndani yake chuma chenye mzunguko wa parafujo kinasukuma gurudumu la shaba nyeusi. Inakwenda kimya na inabeba mzigo mzito, ila inataka oili yake maalumu. Oili nyingi za difu za leo zina kemikali za salfa zinazofaa chuma kwa chuma, na kemikali hizo huila shaba. Kuna mtu, miaka ya nyuma, alijaza oili ya namna hiyo kwenye ekseli ya baba mdogo. Nilipoifungua, meno ya gurudumu yalikuwa yamekonda na oili ina vumbi la dhahabu. Nilimpelekea mzee mmoja aliyejifunza kukereza vyuma kiwandani Kiliba, siku zile kiwanda kile cha sukari kilipokuwa bado kinakamua miwa ya bonde zima. Aligeuza gurudumu mkononi muda mrefu. Akasema zamani kiwandani wangeweza kumimina shaba na kukata meno mapya, mashine ilikuwapo na mwalimu alikuwapo. Vita vya 1996 vilikisimamisha kiwanda. Mashine ziliondoka kipande kwa kipande, walimu wakazeeka, na vijana ambao wangejifunza kwao wanaendesha pikipiki za abiria. "Mikono ninayo," akaniambia, "lakini mikono bila mashine ni ukumbusho tu." Nikatafuta ekseli nyingine, na ikaja kwa boti kutoka Baraka. Nayo ina mwenyewe.

Kisha Mulongwe. Hapa sitasema ya gari kabla ya kusema ya watu. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua ilinyesha milimani juu ya mji, na mto Mulongwe ukashuka na mawe, miti na matope. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Waliolala karibu na mto waliamka wakiwa ndani ya maji, na wengine hawakuamka. Siku zile nilibeba koleo kwenye nyua za watu wengine, na nilipofika kwetu nikakuta matope yamefika kwenye vioo vya gari. Mchanga ulikuwa ndani ya silinda, ndani ya starta, ndani ya kila beringi niliyokuwa nimeiosha kwa petroli na kuifunga. Nilikaa juu ya ndoo. Sikuwa na haki ya kulia, ndivyo nilivyojiambia, kwa sababu nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wakimtafuta mtoto.

Mama mmoja jirani alipita, ambaye nyumba yake ilikuwa imekwenda yote, ukuta na mlango. Akasimama.

"Na gari la marehemu, mwanangu, maji yamelifikia?"

"Yamelifikia, mama."

"Pole sana. Alilipenda lile gari."

Sikupata la kumjibu. Mtu aliyebaki na kitenge alichovaa alikuwa na nafasi moyoni ya kunipa pole ya injini. Tangu hapo sikubali tena hesabu ile ya kupima msiba wa nani ni mkubwa ili mwenye mdogo anyamaze. Yule mama hakupima. Alijua lile gari ni sauti ya mtu, na akampa pole mwenye kuipoteza sauti hiyo mara ya pili.

Nililifungua lote upya. Ilinichukua muda mrefu, na katikati ziwa likapanda na kula nyumba za ufukweni, mwaka 2021 na tena 2024. Siku lilipowaka, liliwaka kwa rota ile ile ya mfukoni. Watu walishangilia. Nilichukua kijiti, nikakiegemeza juu ya mfuniko wa valvu, nikaweka sikio. Nilisikia kelele. Nilisikia chuma kinagonga chuma, mara nne, mara nane, vyote pamoja, na hakuna kilichoniambia jina lake. Vitu vyote vya baba mdogo vilikuwa vimerudi uani isipokuwa kile alichokuwa akikisikia. Kitu hicho hakuna kiwanja kinachokiuza.

Baadhi ya mambo yake nimeyapata barabarani, kwa kuchelewa. Kwenye mpando wa Ngomo, juu ya Kamanyola, joto la injini huchemsha petroli ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta, na gari linazimika kwenye kona mbaya kuliko zote. Dawa ni kuilowesha pampu kwa tambara la maji na kungoja. Nilipokuwa nimesimama pale nikingoja, ndipo nilipoelewa kwa nini siku zote alisafiri na tambara na kidumu cha maji miguuni. Nimefurahi kuelewa, na nimeumia, kwa kuwa hakuna wa kumwambia.

Na huwezi kwenda Kamanyola bila kupita Sange. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale. Watu walisogea na vidumu kuchota, wengine walikuwa ndani ya vibanda wakitazama Kombe la Dunia, moto ukazuka, na zaidi ya 230 wakafa. Ukipita mahali hapo kwenye gari la miaka mingi, na harufu ya petroli imekuzunguka, unapunguza mwendo hata kama hakuna tuta. Giaboksi inayonivusha Sange ilitoka Sange. Silizoei jambo hilo na sitaki kulizoea.

Desemba 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Uvira na maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Safari hii tulikuwa na dalili, kwani Bukavu ilikuwa imeanguka tangu Februari, na mimi nilikuwa tayari. Nilifungua buji, nikamimina oili ndani ya kila silinda, nikaizungusha injini kwa mkono ili oili ienee, nikafunga. Nikachomoa rota. Niliporudi betri haikuwapo na magurudumu mawili yameondoka, lakini injini ilizunguka kwa urahisi, haikushika kutu. Nilifikiri juu ya baba mdogo, na juu ya wale mafundi wa 1916. Namshukuru Mungu kwa ule muda mfupi nilioupata, ambao wengi hawakuupata.

Sasa ninalo daftari. Kila piesi isiyo ya baba mdogo nimeiandika: ilikotoka, mwaka niliopewa, na jina la mwenyewe pale nilipolipata. Majina niliyoyapata ni machache. Naona wote wanaouza na kununua vyuma vya magari yaliyoachwa, kuanzia Kamanyola hadi Baraka, wanapaswa kuuliza na kuandika, maana wenyewe hawakuandikwa popote pengine. Swali haligharimu kitu, na mara nyingi jirani mzee bado analijua jibu.

Na kwako unayesoma: kama wewe, au baba yako, au ndugu yako, aliacha pikapu ya Peugeot 404 Sange mwaka 1996, chini ya mwembe, giaboksi yake ninayo na inafanya kazi. Niambie herufi mbili zilizochorwa upande wa ndani wa mfuniko, juu ya mwaka 1981, nami nitajua ni yako. Ukiitaka nitaifungua niirudishe. Usipoitaka, niambie jina lake kamili ili niliandike.